Dawa za kuziba meno na seli hai: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu upimaji wa usalama

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mgonjwa aliyesoma mahali kwamba dawa ya kuziba jino "inaua seli" akapata hofu, kwa mzazi ambaye mtoto wake anazibwa meno, na kwa mwanafunzi anayetaka kuingia maabara kulifanyia utafiti jambo hili. Atakayetaka jibu moja tu aende moja kwa moja kwenye swali lake, ingawa majibu kuhusu karafuu na kuhusu dentini yanafaa kusomwa na kila mtu, kwa sababu ndiyo yanayofungua mengine yote.

Kwa nini dawa ya kuziba jino ipimwe kwenye seli hai?

Jino ni kiungo hai. Chini ya enameli, tabaka gumu la nje, kuna dentini, na ndani ya dentini kuna kiini chenye damu, neva na seli. Dentini si ukuta mzima: imetobolewa na mirija midogo mno, yenye upana wa takriban mikroni moja hadi mbili na nusu, na kadiri unavyokaribia kiini ndivyo mirija hiyo inavyozidi kusongamana. Karibu na kiini, eneo la milimita moja ya mraba laweza kuwa na mirija zaidi ya 45,000. Chochote kinachochuja kutoka kwenye dawa iliyozibwa kina njia ya kuingilia. Kwa upande wa nje, dawa hiyo hiyo inagusana na ufizi, ulimi na mate kwa miaka.

Kwa hiyo kabla dawa haijaingia kinywani mwa mtu, mtengenezaji hutakiwa kuonyesha kinachotokea seli zinapokutana nayo. Kipimo cha seli ni mlango wa kwanza tu. Ni cha haraka, gharama yake ni nafuu kuliko vipimo vinavyofuata, na huichuja mapema dawa mbaya kabla haijamfikia kiumbe yeyote.

Nani aliyeweka utaratibu wa vipimo hivi?

Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO. Kiwango namba 10993 kinahusu vifaa tiba vyote vinavyogusa mwili, na sehemu yake ya tano ndiyo inayoeleza upimaji wa sumu kwa seli nje ya mwili. Meno yana kiwango chao cha ziada, ISO 7405, kwa sababu jino lina mambo yake ambayo kiungo bandia cha nyonga hakina. Nchi mbalimbali huvitambua viwango hivi pale mtengenezaji anapoomba kibali.

Seli zenyewe zinatoka wapi?

Zinazotumika zaidi kwenye vipimo rasmi huitwa L929. Ni seli za tishu unganishi za panya ambazo ukoo wake ulianzishwa Marekani katika miaka ya 1940, na tangu hapo zimekuwa zikigawanyika maabarani bila kukoma. Faida yake ni kwamba maabara ya Nairobi na ile ya Tokyo zinaweza kutumia ukoo uleule na kulinganisha majibu. Kasoro yake ni kwamba seli ya panya iliyozoea maisha ya maabara kwa miongo kadhaa imekuwa mbali na seli ya kiini cha jino la mtoto wa miaka minane.

Ndiyo maana watafiti wengi huongeza seli za binadamu: za ufizi, au za kiini cha jino kutoka kwenye magego ya mwisho yaliyong'olewa kwa sababu hayakupata nafasi ya kuota. Mwaka 2000 watafiti wa taasisi za kitaifa za afya za Marekani walionyesha kwamba ndani ya kiini cha jino la mtu mzima zimo seli za shina, zinazoweza kutengeneza dentini mpya. Mwaka 2003 zikapatikana pia kwenye meno ya utotoni yaliyong'oka. Kwa maoni yangu hilo lilibadilisha swali lenyewe. Haitoshi tena kuuliza kama seli ilibaki hai. Unauliza pia kama bado ina uwezo wa kukarabati jino.

Jino lililong'olewa haliokotwi tu na kupelekwa maabara. Mwenye jino hueleweshwa na kuridhia, na kamati ya maadili hupitisha utafiti kabla haujaanza.

Kipimo kinafanyikaje, hatua kwa hatua?

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kuweka dawa iliyoganda moja kwa moja juu ya seli. Ya pili ni kuweka kizuizi katikati, kama tabaka la agari (jeli itokanayo na mwani) au kichujio chembamba, ili kinachopita kiwe kile tu kinachoweza kusafiri. Ya tatu, ambayo ndiyo hutumika mno, ni kuloweka dawa na kutumia maji yake.

Tuchukue hiyo ya tatu. Unatengeneza visahani vidogo vya dawa kama vile daktari angeigandisha kinywani, kwa taa ileile na kwa muda uleule. Unaviloweka kwenye kimiminika cha kukuzia seli, kwa kawaida saa 24 kwenye joto la nyuzi 37, ambalo ni joto la mwili. Kiasi cha kimiminika hakikadiriwi kwa macho: kwa kipande chenye unene unaozidi nusu milimita, kiwango hutaka sentimita 3 za mraba za uso kwa kila mililita moja. Wakati huohuo seli zimekwisha kupandwa kwenye kibao cha plastiki chenye visima 96, kwa kawaida seli 10,000 hivi kwa kila kisima, na zimelala usiku mzima ndani ya inkubeta, yaani kabati la joto, yenye hewa ya kabonidioksaidi asilimia 5 ili zishike sakafu ya kisima.

Kesho yake unaondoa kimiminika cha zamani na kuweka yale maji ya kuloweka, mengine yakiwa mazito kama yalivyo, mengine yakiwa yamezimuliwa nusu, robo na thumni. Unazirudisha seli kwenye inkubeta. Baada ya siku moja au zaidi unaziangalia kwa hadubini, kisha unapima.

Kila kibao lazima kiwe na visima vya kulinganishia. Vingine vinapewa kitu kinachojulikana kuwa hakina madhara, kama polithini nzito, na vingine kitu kinachojulikana kuua, kama plastiki maalumu yenye kiungo cha zinki. Kama seli za kundi la kwanza zimekufa, au za kundi la pili zimestawi, tupa kazi yote na uanze upya. Hakuna namna ya kuyaokoa majibu ya siku hiyo, na mwanafunzi anayeshawishika kuyaokoa ajue anamdhulumu mgonjwa ambaye hatamwona kamwe.

Ile rangi ya zambarau ninayoiona kwenye picha ni nini?

Ni kipimo cha MTT, kilichoelezwa na Tim Mosmann mwaka 1983. Unaweka kemikali ya rangi ya njano. Seli iliyo hai, yenye vimeng'enya vinavyofanya kazi, huigeuza kuwa fuwele za zambarau. Iliyokufa haiwezi. Fuwele zinayeyushwa, na mashine inapima ukolezi wa rangi kwa mwanga wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 570 hivi. Zambarau iliyokoza ina maana seli nyingi zinafanya kazi.

Kiwango cha ISO kinasema hivi: kama uhai wa seli umeshuka chini ya asilimia 70 ya ule wa visima ambavyo havikupewa dawa, nyenzo ile ina athari ya sumu kwa seli. Wanaotazama kwa hadubini hutumia ngazi za 0 hadi 4, na inayozidi 2 huhesabiwa kuwa na sumu.

Je, kipimo hiki kinaweza kudanganya?

Ndiyo, na kwa njia kadhaa. MTT haihesabu seli. Inapima kazi ya vimeng'enya. Seli iliyozubaa lakini hai itatoa rangi hafifu, na iliyochokozwa ikaongeza kasi itatoa rangi nyingi kuliko kawaida. Kemikali zenye uwezo wa kuchangia elektroni, vitamini C ikiwa mojawapo, hugeuza njano kuwa zambarau zenyewe, bila seli hata moja. Simenti zenye ualkali mkali hubadilisha hali ya kimiminika chote. Kwa hiyo mtafiti mwangalifu haachi MTT isimame peke yake. Huongeza kipimo cha kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye seli zilizopasuka, au hutia rangi mbili, kijani kwa zilizo hai na nyekundu kwa zilizokufa, na kuzitazama kwa macho yake.

Kuna na adui asiyeonekana: mikoplasma, bakteria wadogo wasio na ukuta wanaoingia kwenye seli za maabara bila kuyachafua maji. Hadubini ya kawaida haiwaoni. Seli zilizoambukizwa huleta majibu yasiyoaminika kwa miezi, na maabara isiyozipima mara kwa mara inajenga juu ya mchanga.

Nimesoma kwamba mafuta ya karafuu yanaua seli. Mbona madaktari wa meno wanayatumia?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na linatuhusu sisi wa pwani kwa karibu. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, yawe ya tumba au ya makonyo yanayokamuliwa Wawi kule Pemba, ni kemikali iitwayo eujenoli. Ukiichanganya na unga wa zinki oksaidi unapata simenti ambayo imetumika kwa zaidi ya karne moja kuziba meno kwa muda na kutuliza maumivu. Ile harufu ya karafuu kwenye kliniki ya meno inatoka huko.

Weka simenti hiyo moja kwa moja juu ya seli kwenye kisima, zitakufa karibu zote. Ni miongoni mwa nyenzo zinazoshindwa vibaya kabisa kwenye kipimo hiki. Lakini weka simenti hiyohiyo kwenye tundu la jino ambalo bado lina tabaka la dentini chini yake, na mgonjwa anatulia.

Sababu ni kiasi na umbali. Eujenoli inayotoka kwenye simenti inapenya dentini polepole. Vipimo vya miaka ya 1980 vilionyesha kwamba ukolezi wake ukifika upande wa kiini umepungua takriban mara mia ukilinganisha na pale chini ya simenti. Juu, ukolezi ni mkubwa wa kuua bakteria. Chini, ni mdogo kiasi cha kutuliza neva na uvimbe bila kuua seli. Kisima cha maabara hakina dentini, kwa hiyo hakiwezi kukuonyesha hilo.

Hii haina maana kwamba kipimo kilikosea. Kilisema kweli: eujenoli nyingi ikigusa seli, seli hufa. Ndiyo maana simenti hiyo haiwekwi juu ya kiini kilicho wazi, na ndiyo maana mtu anayejitibu nyumbani kwa kudondosha mafuta matupu ya karafuu kwenye jino lililotoboka huweza kuishia na ufizi ulioungua. Tafadhali usifanye hivyo, hasa kwa mtoto.

Kama dentini ndiyo inayobadilisha kila kitu, kwa nini isiwekwe kwenye kipimo?

Inawekwa. ISO 7405 inaeleza kipimo cha kizuizi cha dentini: kipande chembamba cha dentini, kwa kawaida cha unene wa nusu milimita, kinawekwa katikati ya vyumba viwili. Juu inawekwa dawa, chini zimo seli zilizotokana na kiini cha jino la ng'ombe, na kimiminika kinapitishwa polepole chini yake kuiga mtiririko wa damu. Majibu yake hukaribia zaidi yale yanayoonekana kwa wagonjwa.

Tatizo ni kazi na gharama. Dentini ya jino moja haifanani na ya jingine. Umri, kutoboka kwa zamani na mwelekeo wa mirija vyote vina athari. Kinywani kuna msaada mwingine pia ambao ni vigumu kuuiga: kiini kina shinikizo linalosukuma majimaji kwenda nje kupitia mirija, na damu huondoa kilichofanikiwa kuingia. Maabara nyingi, hasa zenye bajeti ndogo, hubaki na maji ya kuloweka. Si vibaya, ilimradi wasomaji waambiwe kwamba dentini haikuwepo.

Dawa nyeupe, yaani kompositi, inavuja nini?

Kompositi nyingi zimejengwa juu ya kazi ya Mmarekani Rafael Bowen, aliyepata hataza ya molekuli ya Bis-GMA mwaka 1962. Molekuli hiyo ni nzito, kwa hiyo huchanganywa na nyepesi kama TEGDMA. Gundi zinazowekwa chini yake mara nyingi huwa na molekuli nyingine ndogo, HEMA. Taa ya bluu inawasha mmenyuko, nazo zinashikana kuwa mnyororo mgumu.

Lakini hazishikani zote. Kwa kawaida kati ya nusu na robo tatu ya viungo vya kemikali ndivyo vinavyofungana. Vingi vilivyobaki vimenasa kwenye mnyororo na haviendi popote, ila molekuli chache huwa huru, na hizo ndizo zinazochuja, zaidi katika saa na siku za mwanzo. Maabarani, TEGDMA na HEMA hupunguza glutathioni, ambayo ni kinga ya seli dhidi ya oksijeni kali. Kinga ikiisha, seli huanza kujiua yenyewe.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Kompositi ileile, kutoka kwenye bomba lilelile, inaweza kufaulu au kushindwa kipimo cha seli kutegemea ilivyogandishwa. Taa dhaifu, ncha ya taa iliyogandamana uchafu, tabaka nene kupita milimita 2 kwa dawa isiyotengenezwa kwa unene huo, mkono uliosogea sekunde za mwisho: yote haya yanaacha molekuli nyingi huru. Cheti cha kiwandani kinahusu dawa iliyogandishwa ipasavyo. Kliniki yenye kifaa kidogo cha kupimia nguvu ya taa, na inayokitumia, inafanya zaidi kwa usalama wa mgonjwa kuliko kununua chapa ya bei ghali.

Na ile BPA inayosemwa kwenye chupa za plastiki?

BPA, yaani kemikali ya bisfenoli A, hutumika katika kutengeneza Bis-GMA, kwa hiyo mabaki kidogo yanaweza kuwemo. Bis-GMA yenyewe haivunjiki kirahisi kuwa BPA mdomoni. Iliyoleta wasiwasi ni ndugu yake, Bis-DMA, iliyokuwemo kwenye baadhi ya dawa za kukinga magego ya watoto, ambayo mate huivunja na kutoa BPA. Mwaka 1996 watafiti wa Granada, Hispania, waliikuta BPA kwenye mate ya wagonjwa saa chache baada ya kuwekewa dawa ya namna hiyo, na mjadala ukaanza hapo.

Kipimo cha kawaida cha seli hakifai kwa swali hili. BPA kwa kiasi kidogo haiui seli. Hofu ni kwamba inaiga homoni. Ulaya imekuwa kali: mwaka 2023 mamlaka yake ya usalama wa chakula ilishusha kiwango kinachovumilika hadi nanogramu 0.2 kwa kilo ya uzito wa mwili kwa siku, mara 20,000 chini ya kile cha awali. Kwa vitendo, mengi ya mabaki hayo yanapatikana mara tu baada ya kuweka dawa, kwenye utando wa juu ambao hewa iliuzuia usigande. Kuufuta utando huo kwa pamba, kusukutua na kutema kunaondoa sehemu kubwa. Mzazi ana haki ya kuomba hilo lifanyike.

Simenti ya glasi ayonoma inayotumika mashuleni ni salama?

Ni mojawapo ya nyenzo zenye rekodi nzuri, nayo ina historia inayotugusa. Ilibuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent mwishoni mwa miaka ya 1960. Katikati ya miaka ya 1980, hapa Tanzania, Jo Frencken na wenzake wa shule ya meno ya Dar es Salaam walianzisha njia ya kuziba jino kwa vyombo vya mkono pekee, bila mashine wala umeme: kukwangua sehemu laini iliyooza na kuziba kwa simenti inayojishikiza. Baadaye glasi ayonoma ndiyo ikawa dawa yake, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo kwa ulimwengu. Mwaka 2021 simenti hiyo iliingizwa kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu.

Kwenye vipimo vya seli, ile ya kawaida huwa na sumu kidogo ikishaganda. Ikiwa mbichi ina tindikali na seli hulalamika. Ile iliyoongezwa resini (molekuli za jamii ya zile za kompositi), inayogandishwa kwa taa, mara nyingi hupata majibu mabaya zaidi kwa sababu ina HEMA. Kwa mtoto aliyekaa kwenye dawati chini ya mwembe, bila umeme, ile ya kawaida ndiyo chaguo la busara, na nafurahi kwamba njia iliyozaliwa kwa uhaba wetu sasa inafundishwa hata kwenye nchi zenye kila kitu.

Vipi amalgamu, ile ya rangi ya fedha? Si ina zebaki?

Nusu yake hivi ni zebaki. Ikishaganda, seli zinazolelewa kando yake huathirika kwa wastani tu, na mara nyingi mlaumiwa ni zinki au shaba inayochuja, si zebaki. Uamuzi wa kuipunguza haukutokana na visima 96. Umetokana na mazingira: zebaki inayoingia kwenye maji, hewa na samaki. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulianza kutumika Agosti 2017, na mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kuzuia au kutopendekeza matumizi yake kwa meno ya utotoni, watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima. Umoja wa Ulaya uliikataza kwa jumla kuanzia Januari 2025, isipokuwa kwa mahitaji maalumu ya kitabibu. Kama unayo kinywani na iko imara, usikimbilie kuitoa: kuichimba ndiko kunakotoa mvuke mwingi.

Zipo dawa zinazowekwa juu ya kiini chenyewe kilicho wazi. Hizo zinapimwaje?

Hapo dentini haipo, kwa hiyo ungetarajia dawa zisizo na ukali wowote. Kumbe hapana. Kalisi haidroksaidi, inayotumika tangu miaka ya 1920, ina pH ya 12.5 hivi. Inaunguza tabaka la juu la kiini, na chini ya tabaka hilo seli hai huanza kujenga daraja la dentini mpya. MTA, iliyobuniwa na Mahmoud Torabinejad katika Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni jamaa wa saruji ya ujenzi. Ikiwa mbichi huwa kali kwa seli. Ikishaganda na kukomaa, seli hukua juu yake. Mtafiti aliyeipima saa moja baada ya kuikoroga na aliyeipima baada ya wiki wanaweza kuandika mambo mawili yanayopingana, na wote wakawa wakweli. Ukisoma utafiti wa dawa hizi, tafuta kwanza umri wa sampuli.

Nimeziba jino na linauma. Je, ni sumu ya dawa?

Mara nyingi siyo. Anza na mambo ya kawaida: dawa imezidi kimo na unapouma inagonga kwanza, au tundu lilikuwa refu na kiini kilikuwa kimeshaathirika. Zaidi ya hayo kuna bakteria wanaopenya pembeni mwa dawa isiyoshika vizuri.

Ushahidi kuhusu bakteria ni wa mwaka 1965. Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, wakiwa Marekani, waliwatoboa panya meno hadi kwenye kiini. Panya wa kawaida viini vyao vilikufa. Panya waliolelewa bila kijidudu hata kimoja viini vyao vilipona na kujenga dentini, ingawa chakula kiliingia kwenye tundu. Kabla ya hapo lawama nyingi zilitupwa kwa kemikali za dawa. Tangu wakati huo tunajua kwamba dawa isiyo na sumu lakini inayoacha upenyo inaweza kuliua jino kwa uhakika kuliko dawa yenye sumu kidogo inayoziba vizuri. Maumivu yakizidi siku chache, au yakikuamsha usiku, rudi kwa daktari wako bila kusubiri.

Je, zinaweza kuleta saratani?

Swali hilo lina vipimo vyake. Cha kale ni cha Bruce Ames wa Berkeley, kinachotumia bakteria aina ya salmonela kuangalia kama kemikali inabadilisha jeni. Vingine hutazama vipande vya kromosomu ndani ya seli za mamalia. TEGDMA imewahi kuonyesha athari kwenye jeni za seli za mamalia maabarani, kwa viwango vya juu kuliko vinavyotarajiwa kufika kwenye kiini chini ya dentini. Ni sababu ya kuendelea kutengeneza resini bora na kuigandisha kikamilifu. Si sababu ya kukaa na jino bovu.

Wanyama bado wanatumika?

Ndiyo, kwa nyenzo mpya kabisa, kwa sababu kisima hakina damu wala kinga ya mwili. Lakini idadi inabanwa na kanuni ambayo William Russell na Rex Burch waliipendekeza mwaka 1959: badilisha mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, punguza idadi, punguza mateso. Kila dawa inayokataliwa kwenye seli ni kundi la wanyama lililosalimika.

Nani yuko hatarini zaidi, mgonjwa au mhudumu?

Kwa upande wa mzio, mhudumu. Mgonjwa hukutana na kiasi kidogo mara chache. Daktari na msaidizi wake hushika resini mbichi kila siku. HEMA hupenya glavu za mpira kwa dakika chache, na mtu aliyeshapata mzio wake huwashwa na kupasuka vidole maisha yake yote. Usiguse resini mbichi hata ukiwa na glavu. Ikidondoka, vua glavu mara moja, nawa, vaa nyingine. Mameneja wa kliniki wanaohesabu glavu za wasaidizi wao wanapaswa kulijua hili.

Mimi ni mwanafunzi, nataka kufanya utafiti huu. Nianzie wapi?

Anza na swali dogo. Kulinganisha chapa tano kwa L929 kumefanywa mno. Afadhali uulize jambo la kliniki zetu: kompositi iliyogandishwa kwa taa zinazotumika kweli mjini kwako, kwa muda ambao wahudumu wanautumia kweli, inazifanya nini seli za kiini?

Andika kila kitu: aina ya taa na nguvu yake iliyopimwa siku ileile, unene wa sampuli, umri wake, tarehe ya mwisho ya dawa, muda wa kuloweka, idadi ya watu waliotoa meno. Visima kumi kutoka kwenye jino la mtu mmoja ni mtu mmoja, si kumi. Kosa hili limeharibu tasnifu nyingi. Rudia jaribio lote siku tofauti. Pima mikoplasma kabla ya kuanza. Na ukipata asilimia 68, usiandike kwamba dawa ni hatari kwa binadamu. Andika kwamba katika hali hizi, kwa ukolezi huu, bila dentini, uhai wa seli ulishuka chini ya asilimia 70. Kisha punguza ukolezi kwa nusu, upime tena.